Picha Nilizopiga Gari Likiwa Hewani

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikuwa kukaza bolti za mwisho gari likiwa bado hewani. Nililifanya mara nyingi, kwa uangalifu mkubwa, na kila mara nilijiona fundi hodari.

Kwa mtu asiyeshughulika na magari hilo ni jambo dogo, kwa hiyo nitaeleza. Gari la katre-katre, linalovuta kwa magurudumu yote manne, la aina inayokwenda machimboni au kuleta samaki kutoka ziwa Moero, limekaa juu ya lame, yaani bapa ndefu za chuma zilizolazwa moja juu ya nyingine. Kila ncha ya lame ina jicho, na ndani ya jicho mna silambloki, pete nene ya mpira iliyoshikamana na kibomba cha chuma. Mteja akitaka gari lake lipande juu, tunatoa lame za zamani na kuweka mpya zilizopinda zaidi, pamoja na amortisa, yaani shokabzoba, ndefu zaidi. Bolti hupita katikati ya ule mpira. Ukiikaza wakati magurudumu yananing'inia, mpira unashikwa ukiwa katika hali hiyo. Ukilishusha gari, uzito unausokota mpira, na utabaki umesokotwa hata gari likiwa limeegeshwa kivulini. Kila shimo la barabarani linausokota zaidi. Baada ya wiki chache unachanika.

Sikuwa najua hilo. Hakuna aliyenifundisha, na mimi sikuuliza, kwa sababu kuuliza kungeonyesha kwamba sijui.

Nilimaliza sekondari nikiwa na alama nzuri na sikuwa na pa kwenda nazo. Babu yangu alikuwa mtu wa reli, baba yangu alikuwa mtu wa reli mpaka reli yenyewe ilipochoka, na nyumbani kwetu ilisemwa tangu nikiwa mdogo kwamba mimi nitakuwa mhandisi. Badala yake niliingia garaji moja katika mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, kati ya mchomelea madirisha na kanisa la uamsho linaloimba siku nzima. Nilijifunza kwa macho na kwa video. Video hizo zilipita kutoka simu moja hadi nyingine katika magaraji ya mtaa, zikiwa zimekatwa vipande vidogo ili zitumike kirahisi. Nilizitazama bila sauti. Kulikuwa na kelele za kuchomelea upande mmoja na ngoma za kanisa upande wa pili, na isitoshe wasemaji walisema Kiingereza. Ile ya lame iliishia pale gurudumu linaporudishwa mahali pake. Niliitazama labda mara mia. Niliijua kama sala.

Mwenye garaji, ambaye sote tulimwita patron, alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, Mwislamu, ambaye baba yake alikuja kutoka Maniema na masanduku mawili ya vyombo vya useremala. Alinipenda na alinicheka. Mimi huosha bolti kwa petroli kabla ya kuzifunga, hata mpya. Hupanga nati juu ya kitambaa kwa ukubwa wake. Nikimaliza kukaza, huchora mstari mweupe wa rangi kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye chuma, ili bolti ikigeuka hata kidogo mstari ukatike na nione. Kisha narudi kuiangalia. Kisha narudi tena.

"Shirurjien," patron aliniita kutoka kwenye benchi lake, kana kwamba mimi ni daktari wa upasuaji, "mugonjwa ataamuka leo ao kesho?"

"Inabakia bolti mbili, patron."

"Bolti mbili! Mungu aliumba dunia yote siku sita, weye uko unaosha bolti siku tatu."

Nilicheka pamoja na wengine, lakini moyoni nilijiambia kwamba siku moja wataona tofauti.

Kabla sijafika, garanti katika garaji yetu ilikuwa patron mwenyewe. Alimwambia mteja: "Ikilia, urudishe. Mi niko hapa, nitaenda wapi?" Na wateja walirudi. Walikaa kwenye benchi, wakanung'unika, wakatukanana naye kwa mapenzi, gari likapandishwa juu, likashushwa, wakaenda. Hakukuwa na karatasi. Halafu duka moja la katikati ya mji likaanza kuleta seti za kupandisha magari zilizotengenezwa ng'ambo, kila moja ndani ya boksi safi na kadi ya garanti. Kadi ilitaka jina la aliyefunga, saini yake, namba ya gari, na nyuma yake kulikuwa na masharti kwa herufi ndogo sana.

Patron aliishika kadi ya kwanza kwa vidole viwili. "Ile karatasi iko na maneno mingi sawa vile ya muntu mwenye kujua ataongopa," alisema, akanirudishia.

Mimi niliipenda ile kadi. Nakiri kwamba niliipenda kuliko magari. Nilikuwa kijana ambaye hakuna aliyewahi kumpa karatasi yoyote ya kusema yeye ni fundi, na hapa palikuwa na nafasi ya jina langu. Nikawa mtu wa kadi. Nilisaini kwa kalamu ya bluu, nikapiga picha za kazi kutoka kila upande, nikazihifadhi kwenye simu kila gari na faili lake. Picha nzuri kuliko zote zilikuwa zile za gari likiwa juu ya stendi za chuma, kabla halijashushwa, wakati mwanga wa mlangoni unaingia chini ya chesisi na mistari yangu myeupe inaonekana yote kwa pamoja.

Wateja wa seti hizo walikuwa wa kila namna. Bwana mmoja wa Golf, mtaa wa matajiri, alitaka gari lipande ingawa halikuwahi kukanyaga udongo. Alitaka jirani yake aangalie juu akiongea naye. Wiki mbili baadaye alirudi amekasirika kwa sababu mke wake hawezi tena kuingia bila kupandisha kikwembe, kitenge chake cha kiunoni, mbele ya walinzi. "Mulinipandishia motokari ao mulinipandishia mambo?" aliuliza. Patron akamwambia anunue ngazi. Mwingine, dereva wa kampuni ndogo ya kubeba wafanyakazi, alilalamika kwamba abiria wake sasa wanatapika. Hayo yote yalikuwa malalamiko ya kawaida, na tuliyazoea.

Lakini yule bwana wa Golf alirudi mara ya pili, na safari hii gari lilikuwa linakohoa nyuma. Nilipofungua, nikakuta mpira wa silambloki umechanika. Nilishtuka, nikaangalia mistari yangu: hakuna hata mmoja uliokatika. Basi kosa si langu, nikasema. Mpira ni mbaya. Nikaandika barua kwa watengenezaji, kwa Kiingereza nilichokichukua kwenye simu neno kwa neno, nikaeleza jinsi nilivyofunga kwa uangalifu. Baada ya siku chache walijibu kwamba wanasikitika, na silambloki mpya zikaja kupitia lile duka. Hawakuuliza kitu. Nilitembea wiki nzima kama mtu aliyeshinda kesi. Nilidhani barua yangu ndiyo iliyoshinda, na sasa naona kwamba hawakutaka tu kujisumbua kwa ajili ya vipande vinne vya mpira.

Nikazifunga zile mpya vilevile, gari likiwa hewani.

Kisha akaja mama wa samaki. Alikuwa wa umri wa mama yangu, wa familia iliyotoka Maniema kama ya patron, na wawili hao walijuana tangu utoto wao. Yeye alimwita patron kaka. Aliuza samaki wakavu sokoni. Alikuwa na pikapu moja na dereva mmoja, na kwa hiyo pikapu alikwenda Pweto na kurudi, njia ambayo baada ya Kasomeno inakuwa mifereji na mawe. Alitaka gari lipande ili tumbo lake lisikwaruze. Nilimfungia seti kwa siku mbili. Nikasaini kadi. Alinitazama nikisaini, akasema, "Unaandika sawa vile docteur. Bon, basi mi nalala usingizi," na akaiweka kadi ndani ya kibeti chake pamoja na kadi ya kura.

Wiki tatu baadaye pikapu ilirudi ikitembea upande. Dereva, mtu mkimya ambaye sikuwahi kumsikia akisema maneno kumi, aliteremka na kusimama mbele yangu.

"Kwa daraja ya miti," alisema, "nyuma iliondoka. Mi niligeuza usukani kushoto, motokari ikaenda na yake. Gurudumu moja ilibakia inje."

"Nje ya nini?"

"Ya daraja."

Mama alikuwa ndani ya gari siku hiyo, na magunia yote. Walivutwa na lori la makala, yaani la mkaa. Nilipozitoa silambloki, mpira ulitoka vipandevipande kama nyama iliyotafunwa ikatemwa. Mistari yangu myeupe ilikuwa mizima yote. Nilimwonyesha mama ile mistari. Kweli nilimwonyesha, nikiwa nimechuchumaa chini ya gari lake, nikimwelekeza kwa bisibisi kama mwalimu.

"Ona, mama. Hakuna bolti iliyogeuka. Wametuletea mpira mbovu."

"Balitaka kuniua," alisema.

"Nitawaandikia leo."

Niliandika barua ndefu kuliko ya kwanza. Safari hii walijibu haraka, wakaomba picha za wakati wa kufunga. Nilifurahi. Nilikuwa na picha arobaini. Nikachagua kumi na moja zilizo nzuri kuliko zote, nikazituma.

Jibu lilikuja asubuhi ya siku ya tatu, nikiwa nafagia. Walikuwa wamenirudishia picha yangu mwenyewe, ile ya mwanga wa mlangoni, na juu yake wamechora duara mbili nyekundu: moja kuzunguka mstari wangu mweupe, nyingine kuzunguka gurudumu linaloning'inia. Chini waliandika kwa adabu, mistari mitatu. Bolti zimekazwa kabla gari halijashushwa. Hilo ni kosa la ufungaji. Garanti haihusu ufungaji. Na ili kunisaidia kwa kazi zijazo, wakaniwekea video yao nzima.

Nilikwenda nyuma ya kontena la vyuma chakavu, nikaweka simu sikioni kwanza, halafu machoni, nikaitazama mpaka mwisho. Ilikuwa ile ile video. Mtu yule yule, mikono ile ile. Anarudisha gurudumu, pale ambapo yangu huishia, kisha anashusha gari, analitikisa mara mbili tatu kwa kulikalia nyuma, na ndipo anachukua spana na kuingia chini. Anasema kitu kuhusu uzito. Alikuwa anakisema siku zote.

Ningependa kuandika kwamba nilitoka nyuma ya lile kontena nikaenda moja kwa moja sokoni kumwambia mama. Nilirudi kufagia.

Siku nne nilimficha. Alikuja kila siku kabla ya saa sita, akakaa kwenye benchi la patron, akavua viatu.

"Alors, mwana, banasema nini?"

"Bado, mama. Wako mbali."

"Kule kwabo jua haitokaki?"

Siku ya pili aliniletea samaki wa kukaushwa kwa moshi, watatu, wamefungwa ndani ya gazeti. "Kamata. Uko unajitesa sana juu yangu, unakonda." Niliwapokea kwa mikono miwili. Mama yangu aliwapika na sombe, yaani kisamvu, nikala. Nikaongeza na ugali.

Katika siku hizo nne nilihesabu magari mengine niliyoyafunga. Tisa. Nilikaa nayaona yote yakitembea juu ya mpira uliosokotwa, moja njia ya Likasi, moja njia ya Kipushi, la bwana wa Golf limeegeshwa getini kwake likijichana polepole. Nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo kulala hakukusaidia, kwa sababu kila nilipofumba macho niliona zile duara nyekundu.

Siku ya tatu nilimwambia patron. Nilimwonyesha picha. Aliitazama, akiisogeza simu mbali na kuirudisha karibu.

"Weye mwenyewe njo ulibapa picha?"

"Ndiyo."

"Bila bakuombe?"

"Waliomba. Nikachagua nzuri."

Akafunika uso kwa kiganja, mabega yakatikisika, na nikaona kwamba anacheka. Kisha hakucheka tena. "Sikiya. Ile kampani iko mbali. Haina uso, haina haya, haina mutoto anasoma hapa. Sema tu: balikatala. Haiko kuongopa. Balikatala kweli. Tunabadilisha bile bimupira, unafunga muzuri, mambo inaisha."

"Na yeye ataendelea kudhani ni wao."

"Adhani. Weye unataka adhani ni weye?"

Hilo ndilo swali nililolibeba. Nilikuwa na jina dogo sana mtaani, lililotokana na kuosha bolti na kuchora mistari, na mama wa samaki aliongea na nusu ya soko kila asubuhi. Akijua, wote watajua. Na patron alikuwa ananipa njia ya kutoka isiyo na uongo hata mmoja ndani yake.

Siku ya nne mama hakukaa kwenye benchi. Alikuja amevaa kikwembe kipya na kilemba, kibeti chini ya kwapa.

"Vaa shati ya muzuri," aliniambia. "Tunaenda mu ville. Nimechoka na bado-bado. Tunaenda kwa ile magazini yenye iliuzisha, banione uso. Weye unajua ile kizungu yabo, utasoma karatasi, mi nitapiga kelele. Kila muntu na kazi yake."

Nilimtazama patron. Patron alikuwa anaangalia mwale wa jua ukutani kama mtu anayeusoma.

Tulipanda teksi-basi mpaka mjini. Njiani aliwaeleza abiria wenzetu, ambao hatukumjua hata mmoja, jinsi kampuni hiyo ilivyotaka kumwangusha mtoni, na akawataka wasinunue kitu chake chochote. Mwanamke mmoja aliuliza jina la duka. Mama akalitaja mara mbili. Nilikuwa nimebanwa dirishani na kila neno lake lilinipiga.

Duka lilikuwa baridi, na vigae vyeupe. Nyuma ya meza ndefu alikuwa msichana wa rika langu, kitambaa cha kazi shingoni, na yeye ndiye aliyeuza ile seti. Mama alitoa kadi kwenye kibeti, akaiweka mezani na kuipiga kofi.

"Garanti," alisema. "Nisomee fasi yenye inasema mi nikufe."

"Mama, samahani, tuketi kwanza..."

"Sitaketi. Munauzisha bintu ya kuua bantu, na muko munacheka na meno. Juma muzima huyu kijana anabaandikia, juma muzima! Anakonda! Angalia shingo yake!"

Watu watatu waliokuwa wakichagua matairi waligeuka kutazama shingo yangu. Yule msichana alianza kubonyeza kompyuta. Akasema kwa sauti ndogo kwamba ataangalia kama kuna mawasiliano, lakini kama mpira ulikuwa mbovu, yeye ndiye aliyelipokea boksi na yeye ndiye atakayeulizwa na bosi wake kwa nini hakuukagua. Alisema hivyo kwa kujisemea mwenyewe. Nilijua anavyojisikia. Alikuwa ananyanyua kosa langu na kulitia mgongoni kwake, na alikuwa tayari kulibeba.

"Acha," nilimwambia. "Walishajibu."

Mama akageuka. "Nani?"

"Waliotengeneza. Walijibu siku nne sasa. Mpira ulikuwa mzuri, mama. Mimi ndiye niliyefunga vibaya. Nilikaza gari likiwa juu. Lilitakiwa lishuke kwanza. Sikujua, kisha nikajua, na sikukuambia."

Wale watu watatu wa matairi walisogea karibu.

Mama alinitazama. Uso wake haukukasirika. Ulichoka, ukazeeka kidogo mbele yangu, na hilo lilikuwa baya kuliko kofi.

"Donc," alisema, "mu bus, mbele ya bantu bote, mi nilikuwa natukana bantu ba bule."

"Ndiyo, mama."

"Na weye uko pembeni unaangalia dirisha."

"Ndiyo."

"Na samaki yangu ulikula?"

"Nilikula."

"Yote?"

"Yote."

Mmoja wa wale wa matairi alicheka puani. Mama hakucheka. Akachukua kadi yake mezani, akamgeukia yule msichana. "Mwana, unisamehe. Nilikupigia kelele ya muntu mwingine." Kisha akatoka, na mimi nikamfuata kwa hatua tano nyuma, mpaka kituo.

Tulipofika garajini alikaa kwenye benchi na viatu vyake miguuni.

"Kaka," alimwambia patron, "ulijua?"

"Jana," patron alisema.

"Mm." Akakunja mikono. "Basi mupate bile bimupira. Namna mutafanya, mi siyui. Atafunga yeye, mi niko naangalia. Na tukienda Pweto, atapanda na siye, nyuma, fasi ya magunia. Ile karatasi yenu mi siitaki tena. Garanti njo yeye, na mwili wake."

Patron alipata silambloki kutoka lile duka. Jinsi tulivyomalizana mimi na yeye ni mambo yetu. Nilizifunga Jumamosi. Mama alikaa kwenye kigoda mita moja kutoka kichwa changu, akichambua mchele kwenye sinia. Nilirudisha magurudumu, nikashusha gari, nikalikalia nyuma na kulitikisa. Dereva alipanda pia, tukatikisa pamoja kama wajinga wawili. Kisha nikaingia chini, mahali pembamba, mafuta yakinidondokea shingoni, nikakaza. Chini ya gari lililosimama huwezi kuona vizuri, na hakuna picha nzuri inayotoka pale. Nilichora mistari yangu kwa kupapasa. Mingine ilipinda.

Jumatatu asubuhi nilipanda nyuma, juu ya magunia matupu. Mpaka Kasomeno njia ilikuwa ya kuvumilika. Baada ya hapo nilishika mabati kwa mikono miwili na kusikiliza. Kila shimo nilingoja ule mlio wa nyuma kukohoa. Nilisikia chumvi ya zamani ikirushwa ndani ya magunia, nilisikia ndoo, nilisikia meno yangu. Mlio haukuja, lakini sikupumzika, kwa sababu haujaja haimaanishi hautakuja.

Kwenye daraja la miti dereva alisimama. Mama alishuka, akalivuka kwa miguu, polepole, akanyanyua kikwembe, akasimama ng'ambo na kugeuka kututazama. Hakuniambia nishuke. Dereva aliingiza gia ya chini. Magogo yalilia chini yetu moja baada ya jingine, na niliangalia maji katikati ya nafasi zake, ya kahawia, si mengi, ya kutosha. Nyuma ya gari ilifuata mbele. Tukafika.

Niliruka chini, nikaingia chini ya gari hapo hapo barabarani, nikaangalia mistari, nikaupapasa mpira kwa kidole. Ulikuwa umekaa vizuri. Nilitoka nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope.

"Alors?" mama aliuliza.

"Iko sawa."

"Bon. Weye rudia kazi yako. Lori ya makala itapita."

"Mama, umenisamehe?"

Alikuwa tayari ameshika mlango. "Usiniulizake maneno ya kanisa katikati ya barabara. Soko haingojaki." Akapanda, wakaenda. Nilikaa pale kwenye magogo saa mbili hivi kabla lori halijapita.

Wiki zilizofuata niliyaita yarudi yale magari tisa, moja moja. Niliwapigia wenyewe simu na kuwaeleza kwa nini. Saba walikuja. Mmoja alinitukana, mmoja hakupokea tena simu yangu. Bwana wa Golf alisema kumbe ndiyo maana, na akaomba wakati huo huo tulishushe kidogo kwa ajili ya mke wake.

Mama wa samaki hatengenezi tena gari lake kwetu. Analipeleka garaji nyingine karibu na soko, na tukikutana ananisalimu, ananiuliza habari za mama yangu, anapita. Patron bado anamwambia kila mteja arudi gari likilia. Mimi bado naosha bolti na bado narudi kuangalia mara tatu. Sijapona tabia hiyo na sitegemei kupona. Ila sasa jibu la watengenezaji likija ninamwita mteja siku hiyo hiyo na kumsomea lote, na bolti za mwisho nazikaza gari likiwa chini, mwenye gari akiwa pale.